Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Jojoba kwa Ngozi na Nywele

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji aliyelalamikia kupauka kwa mikono, niliyataja mafuta ya jojoba, yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za kichaka cha jangwani, kwa mstari mmoja tu, na mstari huo umeleta barua nyingi kiasi kwamba nimeona ukurasa wote wa safari hii uwe wao. Barua nimezifupisha bila kuzibadili maana, na majina nimeyaondoa kama wenyewe walivyoomba. Kwa wale waliouliza jina hilo linatamkwaje, herufi j husomwa kama h, yaani "hohoba", kwa sababu neno limetufikia kupitia Kihispania, nacho kililichukua katika lugha ya Waodham, wenyeji wa jangwa la Sonora lililoko kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Hata hivyo, anayelitamka kama linavyoandikwa anaeleweka na kila mtu, nami hulitamka hivyo.

Swali: Shikamoo mama mhariri. Mimi ni msichana wa miaka 22. Uso wangu hung'aa mafuta tangu asubuhi, na nina chunusi kwenye paji la uso na kidevuni. Nimeambiwa kwamba jojoba ni mafuta yaleyale yanayotolewa na ngozi, na kwamba nikijipaka, ngozi itadanganyika ione ina mafuta ya kutosha, kisha iache kutoa mengine. Naogopa kuongeza mafuta juu ya mafuta. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichoambiwa kina ukweli ndani yake, ila kimetiwa chumvi nyingi, na kwa kuwa barua nne zimeuliza jambo hilihili, nitalieleza kwa kirefu.

Kitu tunachokiita mafuta ya jojoba, kwa lugha ya kemia, si mafuta bali ni nta, ambayo katika joto la kawaida hubaki kimiminika. Mafuta ya nazi, ya alizeti au ya mzeituni yameundwa kwa asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliseroli. Jojoba haijaundwa hivyo. Kila molekuli yake ni uzi mmoja mrefu, asidi ya mafuta iliyoungana na alkoholi ndefu, na uzi huo mara nyingi una atomi 40 au 42 za kaboni. Nta ya namna hiyo ndiyo karibu asilimia 97 ya kimiminika chote kilichomo chupani. Ngozi ya binadamu nayo hutoa nta ya ukoo huo, na hapo ndipo wauzaji walipopata maneno yao. Lakini katika mafuta ya ngozi nta hiyo ni kama robo tu, zaidi ya nusu ni trigliseridi, yaani mafuta yaliyoundwa kama yale ya nazi au alizeti, pamoja na asidi huru za mafuta, na kiasi cha asilimia 12 ni skwalini, aina nyingine ya mafuta inayotolewa na ngozi yenyewe. Jojoba na mafuta ya ngozi vinafanana kama mtu anavyofanana na mjomba wake, lakini mjomba si baba.

Hilo la ngozi kudanganyika ndilo lisilo na msingi. Tezi zinazotoa mafuta ziko ndani ya ngozi, kando ya mashina ya vinyweleo, na zinaongozwa hasa na homoni zinazokuja na damu. Ndiyo maana chunusi huanza mtu anapobalehe hata kama hajawahi kupaka chochote usoni. Tezi hizo hazichungulii nje kuona kama uso umepakwa. Kwa hiyo usitarajie kwamba baada ya wiki kadhaa za jojoba uso wako utaacha kung'aa, na ukiambiwa hivyo na yeyote, muulize amejuaje.

Pamoja na hayo, hofu yako ya kuongeza mafuta juu ya mafuta naweza kuipunguza. Jojoba ni nyepesi, haigandi juu ya uso kama mafuta mazito, na kwa watu wengi haizibi vitundu vya ngozi. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu wenye chunusi zisizo kali waliotumia barakoa ya uso ya udongo uliochanganywa na jojoba, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki sita. Miongoni mwa watu 133 waliorudisha kumbukumbu zilizokamilika, idadi ya vipele na madoa ilipungua kwa wastani wa asilimia 54. Ni habari ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo, na udongo wenyewe hunyonya mafuta, hivyo haiwezekani kuipa jojoba sifa yote. Mimi huisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba jojoba haikuwadhuru wenye chunusi.

Ninapoiona inafaa zaidi kwa mtu kama wewe ni pale anapotumia dawa ya chunusi inayokausha, kama vile benzoili peroksidi au krimu za jamii ya retinoidi, kwa maana dawa hizo huacha ngozi ikivuta na kubanduka, na watu wengi huziacha kabla hazijafanya kazi kwa sababu ya adha hiyo tu. Paka dawa kama ulivyoelekezwa, iache ikauke, kisha chukua matone mawili ya jojoba, si zaidi, uyasugue kati ya vidole na uyagusishe pale palipokauka. Kabla ya hapo, jipime: paka tone moja upande wa ndani wa kiwiko kila usiku kwa siku tatu au nne, na ukiona wekundu, muwasho au vipele, acha. Mzio wa jojoba ni nadra, lakini upo. Na kama chunusi zako ni zile kubwa, ngumu na zenye maumivu, usipoteze miezi ukijaribu mafuta yoyote. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu likishaingia ni vigumu kuliondoa.

Swali: Nywele zangu ni za kipilipili na ni mwaka wa nne sijazitia dawa. Nazipaka jojoba kila asubuhi bila kukosa, lakini ni kavu, zinatoa mlio kama majani yaliyokauka ninapozishika, na nikizichana zinakatika. Nimenunua chupa ya tatu sasa. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yangu, unakosea mahali pamoja tu, na nimefurahi umeuliza kabla ya chupa ya nne. Unapaka jojoba juu ya nywele kavu, na jojoba haina maji hata kidogo. Kazi yake ni kufunika. Ikikuta unyevu, huuzuia usitoke upesi. Ikikuta ukavu, huufunika ukavu huo, ukang'aa kwa saa moja au mbili, kisha ukarudi kama ulivyokuwa.

Jaribu jambo dogo leo usiku ulione mwenyewe. Mkono wa kushoto uache mkavu kabisa, udondoshee tone moja la jojoba upande wa nje na ulisambaze. Mkono wa kulia ulowanishe, uukung'ute mara moja bila kuufuta kwa taulo, na wakati bado una vishanga vya maji ulipake tone kama lile. Kaa nusu saa. Kisha pitisha mdomo juu ya mikono yote miwili, kwa kuwa mdomo huhisi vizuri zaidi ya vidole. Wa kushoto utauhisi unateleza juu lakini ngozi iliyo chini yake bado imekakamaa; wa kulia utauhisi laini, na mikunjo midogo iliyo juu ya viungo vya vidole itakuwa imelainika. Mafuta ni yaleyale na kipimo ni kilekile. Tofauti imeletwa na maji yaliyotangulia.

Nywele za kipilipili zinalihitaji hilo kuliko nywele zozote. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojikunja kila hatua yanakwama, hivyo ncha, ambazo ndizo sehemu kongwe zaidi na zilizochakaa kwa kuchanwa na kusukwa, hukaa bila kinga. Jojoba inaweza kuchukua nafasi hiyo ya kinga vizuri sana, mradi ipewe unyevu wa kuulinda.

Fanya hivi. Siku ya kuosha, baada ya kondishena, usizifunge nywele kwenye taulo hadi zikauke. Zigawe mafungu manne au sita, na fungu moja moja likiwa bado na unyevu, bila maji ya kudondoka, mimina jojoba kiganjani kiasi cha sarafu ndogo, isambaze viganja vyote viwili, kisha ubane fungu hilo kati ya viganja na kuyateremsha mafuta kuanzia katikati hadi nchani. Ncha zipe mara mbili. Kama unatumia losheni ya nywele, itangulie, jojoba ifuate. Kisha suka mabutu au zisokote, uziache zikauke zenyewe. Siku za katikati ya wiki usipake jojoba peke yake. Nyunyizia maji kwanza hadi nywele zilegee, ndipo uguse ncha kwa mafuta yaliyobaki vidoleni. Utashangaa jinsi chupa moja itakavyodumu.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba jojoba na mafuta ya nazi hazifanyi kazi moja. Molekuli za mafuta ya nazi ni ndogo na zimenyooka, hivyo zinaweza kupenya ndani ya unywele, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini ya nywele. Molekuli za jojoba ni ndefu, nazo hubaki zaidi juu, zikilainisha magamba ya unywele ili nywele zisikwaruzane wakati wa kuchana. Mimi katika kuwahudumia mabinti zangu wawili, ambao wote wana nywele nzito za kipilipili, hutumia nazi usiku wa kuamkia siku ya kuosha na jojoba baada ya kuosha, na sijaona sababu ya kubadilisha. Ukumbuke pia kwamba nta haitoki kwa maji matupu. Usipotumia shampuu walau kila baada ya wiki moja au mbili, itajijenga juu ya unywele, na nywele zitakuwa nzito, zenye kuvuta vumbi, wala maji hayatazilowanisha vizuri. Huenda chupa zako mbili za kwanza bado zimo humo kichwani; anza kwa kuosha vizuri kwa shampuu.

Swali: Bi. Mhariri, nywele zangu za pembeni mwa paji la uso zimekwisha kwa sababu ya kusuka. Rafiki yangu ananiambia jojoba huotesha nywele, na kwamba kuna utafiti uliothibitisha. Nipake kwa muda gani ndipo nione matokeo?

Jibu: Utafiti anaousema rafiki yako huenda ni ule uliofanyika Aberdeen, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1998, maana ndio unaotajwa sana, na unatajwa kinyume. Watafiti waliwachukua watu 86 wenye ugonjwa wa kunyonyoka nywele kwa mabaka, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilijisugua kichwani kila siku mafuta tete, yaani yale yenye harufu kali yanayotolewa kwenye mimea, ya taimu, rosmari, lavenda na mwerezi, yakiwa yamechanganywa ndani ya mafuta ya jojoba na ya mbegu za zabibu. Kundi la pili lilijisugua jojoba na mbegu za zabibu peke yake, bila mafuta tete. Baada ya miezi saba, asilimia 44 ya watu wa kundi la kwanza walionekana kupata nafuu, na asilimia 15 tu katika kundi la pili. Angalia vizuri jojoba ilikuwa wapi: ilikuwa katika makundi yote mawili, na kazi yake ilikuwa kubeba vitu vingine. Kundi lililotumia jojoba bila dawa ndilo lililowekwa liwe la kulinganisha, yaani lile ambalo halikutarajiwa kupona kwa kile lilichopakwa. Ugonjwa wenyewe pia si wako, kwa sababu kunyonyoka kwa mabaka husababishwa na kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele, na wako umetokana na kuvutwa.

Kwa hiyo sitakupa muda wa kusubiri, kwa sababu jojoba haioteshi nywele. Inachoweza kukusaidia ni kupunguza kukatika kwa nywele ambazo bado zipo, na kulainisha ngozi ya pembeni iliyokauka. Tiba ya kwanza ya tatizo lako ni kuacha kabisa mitindo inayovuta: rasta zilizokazwa, mawigi yaliyogundishwa, mkia wa nywele uliobanwa hadi macho yanavutika. Ukiona vipele vidogo kando ya paji la uso baada ya kusuka, au kichwa kikakuuma usiku wa kwanza hata ukashindwa kulala, huo ni ushahidi kwamba mashina yanang'olewa, na dawa yake ni kufumua usiku huohuo hata kama umelipia. Nywele zilizopotea kwa kuvutwa huweza kurudi kama kuvuta kumekoma mapema. Kukiendelea kwa miaka, mashina hugeuka makovu, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Kama ngozi ya hapo imekuwa laini, inang'aa, na huoni hata vitundu vya nywele, tafadhali usichelewe kumwona daktari wa ngozi.

Swali: Je, jojoba inatibu mba?

Jibu: Haitibu. Inaweza kulainisha magamba yaliyoshikamana na ngozi ya kichwa ili yatoke kwa urahisi wakati wa kuosha; ipake nusu saa kabla ya shampuu, si baada yake. Lakini mba unahusiana na hamira ndogo, aina ya kuvu, inayoishi kwenye ngozi ya kichwa na kujilisha mafuta, na kinachoipunguza ni shampuu yenye dawa kama ketokonazoli au zinki pirithioni. Shampuu hiyo iache kichwani dakika tano kabla ya kuisuuza, kwa maana wengi huisuuza palepale halafu wakasema haifanyi kazi. Kufunika mba kwa mafuta kila siku ili usionekane huuficha tu.

Swali: Shikamoo. Mimi ni baba wa mtoto wa miezi sita mwenye ukurutu mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko. Mama mkwe anataka tumpake mafuta ya mzeituni, mke wangu amesoma kwamba jojoba ni bora, na mimi nimebaki katikati. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba, baba. Nimefurahi kuona baba akiandika juu ya ngozi ya mwanawe. Kati ya hayo mawili, mke wako ana hoja nzuri zaidi. Mafuta ya mzeituni yana asidi nyingi ya oleiki, ambayo hulegeza mpangilio wa mafuta yanayoshikilia tabaka la juu la ngozi, na mtoto mwenye ukurutu tayari tabaka hilo ni dhaifu. Mwambieni bibi kwa heshima, kwa kuwa anafanya kwa upendo na kwa mazoea ya miaka mingi, lakini mwambieni.

Hata hivyo, jojoba nayo singeifanya kinga ya kwanza ya mtoto huyu. Ukurutu ni ngozi inayovuja maji na kuingiza vichokozi, na kitu kinachozuia maji yasitoke kwa nguvu zaidi ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yaleyale ya kawaida ambayo watu huyadharau kwa sababu hayana jina la kupendeza. Mwogesheni kwa maji ya vuguvugu kwa dakika chache, bila sabuni kali, mkausheni kwa kumgusagusa na taulo badala ya kumsugua, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado ina unyevu, mpakeni mwili mzima. Rudieni mara mbili au tatu kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Jojoba inaweza kutumika mahali ambapo mafuta ya mgando yanawakera kwa uzito wake, mradi iwe tupu, isiyochanganywa na mafuta tete yoyote, kwa sababu lavenda na wenzake, hata yakiwa ya asili, huwasha ngozi ya mtoto mwenye ukurutu. Mjaribuni mtoto kwanza kwenye sehemu ndogo ya paja. Na palipo pekundu sana, panapotoa maji au kuwa na ukoko wa manjano, pasipakwe mafuta kwanza. Hapo panahitaji dawa, na daktari wa watoto ndiye wa kuitoa.

Swali: Nina chupa mbili za jojoba. Moja ni ya rangi ya dhahabu na ina harufu kidogo kama ya karanga, nyingine ni nyeupe kama maji na haina harufu. Ipi ni halisi? Ya dhahabu nimekuwa nayo kwa mwaka mzima na zaidi na bado haijachacha, jambo lililonitia shaka kwamba wameweka kemikali ya kuhifadhia.

Jibu: Zote mbili zinaweza kuwa halisi. Ya dhahabu imekamuliwa kutoka kwenye mbegu na kuchujwa tu. Ile nyeupe imesafishwa hadi rangi na harufu zikatoka. Mwenye ngozi inayosumbuliwa na kila kitu huenda akaipenda iliyosafishwa. Mwingine achague ya dhahabu. Angalia maandishi ya viambato nyuma ya chupa. Jina la kitaalamu la mmea huo ni Simmondsia chinensis, na kama ni jojoba tupu, jina hilo litasimama peke yake. Likiwa la nne au la tano baada ya mafuta mengine, hiyo ni chupa ya mafuta mengine iliyotiwa jojoba, kwa kuwa viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Neno chinensis lisikupeleke China. Mwaka 1822 mtaalamu wa mimea Johann Link alisoma vibaya lebo ya sampuli iliyotoka California, akadhani imeandikwa China, na kwa kanuni za kutaja mimea kosa hilo limebaki hadi leo.

Njia nyingine ya kuipima ni baridi. Jojoba huganda kwenye nyuzi kati ya 7 na 10 za Selsiasi. Mimina kijiko kimoja kwenye kikombe kidogo cha kioo, kiweke ndani ya jokofu usiku kucha. Asubuhi utakuta imekuwa kitu kigumu, laini kama siagi, na ukikitoa kitayeyuka na kurudi kilivyokuwa bila kuharibika. Kama kimebaki kinatiririka kama maji, kuna kitu kimechanganywa. Kipimo hiki humkamata mdanganyifu mvivu tu, kwa kuwa mafuta ya mzeituni nayo huganda baridini, lakini aliyetumia alizeti humkamata.

Sababu ya watu kuichanganya ni kwamba haipatikani kwa haraka. Mjojoba ni kichaka cha jangwani chenye miti dume na miti jike, na jike pekee ndiye anayezaa. Mche haujulikani ni wa jinsi gani hadi utoe maua, jambo linalochukua miaka mitatu au minne. Mbegu ikishapatikana ni ya ukarimu, kwani karibu nusu ya uzito wake ni hayo mafuta.

Kuhusu kutochacha, ondoa shaka. Mafuta ya kawaida huchacha kwa sababu hewa huyavunjavunja, lakini nta ya jojoba ni imara mbele ya hewa na joto, tena ina vitamini E ya asili inayoilinda. Uimara huo ndio ulioifanya itafutwe na wenye viwanda. Kwa muda mrefu nta ya namna hii ilipatikana kwa nyangumi wa aina ya spemaseti, ikatumika kulainisha mashine na kutengeneza vipodozi, na nyangumi hao waliuawa kwa maelfu. Marekani ilipowaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970 na kufunga mlango wa kuingiza mafuta yao, macho yaligeukia kichaka hiki cha jangwani ambacho nta yake inafanana mno na ya nyangumi. Mimi binafsi huipenda jojoba zaidi kwa ajili ya historia hiyo kuliko kwa sifa nyingi zinazoandikwa kwenye lebo. Chupa yako iweke mbali na jua, ifunge vizuri kila ukimaliza, na usiingize vidole vyenye maji ndani yake.

Swali: Je, naweza kuinywa au kuipikia? Na je, inakinga jua?

Jibu: Usiinywe wala kuipikia. Mwili wa binadamu hauna uwezo mzuri wa kumeng'enya nta hiyo, hivyo nyingi hupita na kutoka kama ilivyoingia, nayo yaweza kukuharisha. Mbegu zenyewe zina kiini kiitwacho simondsini, ambacho humwondolea mnyama hamu ya kula na kumdhuru akizila kwa wingi.

Jua pia haikingi kwa kiwango cha kukutegemeza. Ukitoka mchana, paka losheni iliyotengenezwa mahususi kwa kinga ya jua. Kama ngozi yako ni kavu, tanguliza jojoba kidogo, iache dakika kumi hivi izame, ndipo losheni ifuate juu yake. Ukipaka jojoba baada ya losheni utakuwa unaisogeza na kuipunguza. Jioni, matone machache ya jojoba kwenye pamba yatakusaidia kuifuta losheni hiyo pamoja na vipodozi vingine, hata wanja mzito wa machoni, bila kusugua kwa nguvu. Baada ya hapo nawa kwa sabuni laini, na uso ukiwa bado na unyevu, rudisha tone moja.